Mtoto mwenye pumu ya ngozi: kuongea naye kutamsaidia nini?

Swali

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mwanangu wa pili ana miaka minane, na pumu ya ngozi anayo tangu akiwa na miezi sita. Kwenye viwiko kwa ndani na nyuma ya magoti ngozi imekuwa nene na nyeusi. Nikimpaka dawa anatulia, wiki mbili zikipita imerudi. Usiku anajikuna mpaka shuka linakuwa na damu. Nimemfokea, nimemvalisha soksi mikononi, nimemchapa pia, Mungu anisamehe. Shuleni wenzake wanasema ana upele, hawataki kukaa naye dawati moja. Mwezi uliopita daktari alituandikia tukamwone mwanasaikolojia. Mavyaa wangu akacheka: "Mwasho nao utabembelezwa kwa maneno?" Nimebaki najiuliza. Mwanangu si mwendawazimu, ni ngozi inayomwasha. Kuongea kutamsaidia nini?

Jibu

Marahaba, mama.

Mavyaa wako ameuliza swali la haki, kwa hiyo nianze nalo. Hapana, pumu ya ngozi haiondoki kwa maneno. Mwanao amezaliwa na ngozi isiyoshika unyevu vizuri na yenye kinga inayochachamaa haraka. Ngozi hiyo inataka mafuta kila siku, na dawa ya kupaka inapowaka. Mtu yeyote akikwambia uache dawa kwa kuwa mtoto ameanza mazungumzo, usimsikilize, hata kama ni mwanasaikolojia mwenzangu. Sisi tunashughulika na kitu kingine: kile kinachotokea baina ya mwasho kuanza na kucha kufika kwenye ngozi. Hapo pana sekunde chache tu, lakini ndani yake mna mazoea, hofu, hasira, aibu, na sauti yako ukimwambia "acha kujikuna".

Wewe ni mtu wa pwani, upupu unaujua. Wanasayansi wanautumia upupu kuchunguza mwasho kwa miaka mingi. Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Walter Shelley na Robert Arthur, walionyesha kwamba vile vinyweleo vya ganda lake vina kimeng'enya, yaani protini inayokata protini nyingine, ambacho wenyewe walikiita mukunaini, na kwamba ndicho kinachowasha, wala si histamini, ile kemikali ya mwili inayotoka mbu akikuuma. Utafiti wa baadaye ukaonyesha kwamba mwasho wa upupu hupita kwenye nyuzi za neva tofauti na zile za mwasho wa histamini. Mwasho wa pumu ya ngozi kwa sehemu kubwa unafanana na huu wa upupu. Ndiyo maana vidonge vya aleji, ambavyo bila shaka umeshampa vingi, humfanya asinzie lakini mkono unaendelea kukuna.

Upupu unatufundisha na jambo la pili. Watoto wakiwa porini, mmoja akigusa upupu akaanza kuruka, wenzake nao huanza kujikuna ingawa hawajaguswa. Watafiti wa Ujerumani walilipima jambo hili. Waliandaa mhadhara wa wazi kuhusu mwasho, wakaonyesha picha za wadudu na ngozi zenye maradhi, kisha picha za vitu laini vya kutuliza kama ngozi ya mtoto mchanga, huku kamera zikiwarekodi wasikilizaji. Kwenye picha za wadudu watu walijikuna zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Hii haina maana kwamba mwanao anaigiza. Mwasho unaanzia kwenye ngozi, lakini hauishii hapo. Unapanda hadi kwenye ubongo, na huko unaweza kuongezwa au kupunguzwa na woga, uchovu, furaha, mchezo, au neno la mama.

Sasa tazama viwiko vyake. Ule unene na weusi ni alama ya kukuna kwa miaka. Akijikuna, maumivu huuzima mwasho kwa dakika chache, na ubongo hupata raha ya kweli kabisa, mtoto hakudanganyi akisema ni tamu. Lakini ngozi imechanika, imetoa kemikali nyingine za kuwasha, na baada ya muda mwasho unarudi ukiwa mkali zaidi. Yakirudiwa hayo kila siku kwa miaka, mkono hujifunza kwenda wenyewe. Mwangalie kwa siku moja bila kusema kitu. Utamwona akijikuna anapovua shati la shule, anapoitwa jina, anapofungua daftari la hesabu, anapotazama televisheni. Mara nyingine hakuna mwasho kabisa, ni mkono umezoea. Dawa ya kupaka hutuliza ngozi, ila mazoea ya mkono haiyafikii. Nadhani ndiyo sababu mojawapo ya zile wiki mbili zako: ngozi inapona, mkono haujapona, unaichana upya.

Nataka nikae kidogo kwenye yale maneno mawili, "acha kujikuna", kwa sababu ndipo tiba inapoanzia, na inaanzia kwako. Mtoto mwenye pumu ya ngozi huyasikia kutwa nzima, kwa mama, baba, dada, mwalimu, jirani. Huwa nawauliza watoto ni neno gani wanalisikia zaidi nyumbani, na wengi hunijibu bila kufikiri: "Acha." Kwake amri hiyo ni sawa na kumwambia mtu mwenye kikohozi asikohoe. Anajaribu, anashindwa, anajiona mkaidi. Kisha anajifunza kwenda kujikuna chooni au chini ya shuka, mahali ambapo huwezi kumsaidia. Aibu na woga navyo huzidisha mwasho, kwa hiyo amri yako inaleta kile ulichotaka kukikataza. Tena kuna jambo ambalo wazazi hulisikia kwa uchungu: mara nyingi mtoto huyu hutazamwa pale tu anapojikuna. Akikaa nusu saa mikono imetulia, nani amemwambia kitu?

Kuhusu kumchapa, umeshalisema mwenyewe na nimeuona uchungu wako, sitaongeza. Ila nakuomba ufanye jambo moja kabla ya hata kufika kwa mwanasaikolojia. Mkae wawili, wakati hajikuni, umwambie hivi au kwa maneno yako: "Mwanangu, nilidhani ukitaka kujizuia unaweza. Nimejua sasa kwamba mwasho ndio unaokuanza, si wewe. Sitakufokea wala kukuchapa tena kwa kujikuna. Tutapambana nao mimi na wewe." Najua kwetu mzazi kumwomba mtoto radhi si jambo jepesi. Mwambie hata hivyo.

Huko kwa mwanasaikolojia, usitegemee mtoto alazwe kwenye kochi aulizwe ndoto zake. Kikao cha kwanza mara nyingi ni cha wazazi zaidi. Mtoto wa miaka minane atachora, atacheza, ataulizwa mwasho unakuja saa ngapi na unapenda kukaa wapi. Kisha huenda akaombwa aupe mwasho jina. Njia hii ya kulitenga tatizo na mtoto ilienezwa katika miaka ya 1980 na Michael White wa Australia, na nimeona inawafaa sana watoto wa umri huu. Mmoja aliuita Siafu. Mwingine, Bwana Pilipili. (Kwa watu wa pwani huwa nasihi jina liwe la mdudu, mnyama au kitu cha kuchekesha. Mwasho usifanywe jini, maana mtoto ataogopa giza, na nyumbani kutaanza maneno mengine.) Mwasho ukishakuwa na jina, mazungumzo yanageuka. Badala ya "mbona unajikuna tena", unauliza "Siafu wamefika? Wamepita wapi leo? Jana uliwashindaje?" Mtoto anatoka kwenye kiti cha mshitakiwa, anakuwa mwenzako katika vita.

Hatua inayofuata ni kuhesabu. Asili yake ni kazi ya Nathan Azrin na Robert Nunn wa Marekani, waliochapisha mwaka 1973 njia ya kuvunja mazoea ya mwili kama kung'ata kucha. Katika miaka ya 1980 Lennart Melin na Peter Norén wa Uswidi wakaichukua wakaitumia kwa watu wazima wenye pumu ya ngozi, na waliopata dawa ya kupaka pamoja na mafunzo haya walifanya vizuri kuliko waliopata dawa peke yake. Hospitali ya Chelsea and Westminster ya London ikaiendeleza. Wagonjwa wale walibonyeza kimashine kidogo cha kuhesabia kila walipojikuna. Mwanao hahitaji kimashine. Mpe kete za bao, zile komwe, kama thelathini mfukoni. Kila anapogundua amejikuna, anahamisha kete moja kwenda mfuko wa pili. Wiki ya kwanza ni kuhesabu tu: hakuna kukatazwa, hakuna zawadi kwa idadi ndogo, hakuna uso wa kusikitika kete zikiwa nyingi. Tunachotaka ni auone mkono wake. Jioni mnaandika kwenye daftari: kete ngapi, zilihama wakati gani. Baada ya siku saba utashangaa jinsi kujikuna kulivyo na ratiba. Labda ni anaporudi shule na jasho, labda dakika kumi kabla ya kulala, labda kila baba anapopandisha sauti.

Wiki ya pili mkono unapewa kazi nyingine. Mwasho ukija, au mkono ukianza safari, anakunja ngumi zote mbili na kuzibana huku akihesabu taratibu hadi thelathini. Mwasho ukiwa bado upo, anabonyeza mahali pale kwa kiganja, bila kukuna, au anaweka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, kisha anapaka mafuta. Mnafanyia mazoezi wakati hana mwasho, kama watoto wanavyorudia meza za hesabu, ili saa ya vita mwili uwe umeshajua. Wewe usiseme "usikune". Sema "ngumi!", au mpe kitu cha kushika: abebe kikombe, amenye chungwa, asokote kamba, asuke ukili kama nyumbani mnasuka mikeka. Akifanikiwa hata mara moja, mwambie umeona. Mtoto wa umri huu anajengwa na sifa ya kitu mahususi: "Nimeona umekunja ngumi Siafu walipokuja, hukukuna." Hiyo inamfikia kuliko "hongera, mtoto mzuri".

Kwa usiku, ambapo unateseka zaidi, kuna mambo mawili tofauti. Mwili wenyewe hubadilika: ngozi hupata joto, hupoteza maji zaidi, na homoni ya kotisoli inayosaidia kutuliza uvimbe hushuka. Pia hakuna mchezo wa kumsahaulisha. Mtoto akishalala kabisa huwezi kumfundisha ngumi, kwa hiyo kazi inafanywa kabla. Aoge kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, dodoki liachwe, na mafuta yapakwe mwili ungali na unyevu. Kucha ziwe fupi, shuka na nguo za pamba. Kisha dakika kumi za taswira. Afumbe macho, achague mahali penye ubaridi anapopapenda. Kwa mtoto wa Tanga inaweza kuwa maji ya Raskazone asubuhi na mapema, au Lushoto ukungu unaposhuka. Mwulize polepole: maji yamefika wapi? Yamefika magotini? Sasa yamefika kwenye kiwiko? Yanafananaje? Akisema baridi inapanda, mwache ipande. Baada ya siku kadhaa ataweza kupaita mahali pale mwenyewe. Wataalamu wengine huongeza mazoezi ya kulegeza misuli, au hipnosia, yaani hali ya utulivu kama usingizi inayoongozwa na mtaalamu kwa maneno, ambayo imejaribiwa kwa watoto wenye pumu ya ngozi tangu miaka ya 1990.

Shuleni kuna jeraha la aina nyingine, nami nisingelisubirisha. Mtoto anayetengwa dawatini hubeba mwasho na fedheha kwa pamoja. Mpe jibu fupi, mlifanyie mchezo nyumbani, wewe ukiwa mwanafunzi mkorofi: "Si upele. Ni pumu ya ngozi, haiambukizi." Alirudie mpaka litoke bila machozi. Halafu nenda kwa mwalimu wa darasa ukiwa na cheti cha daktari, umwombe mambo matatu: aieleze darasani bila kumsimamisha mtoto mbele, amruhusu kutoka kujipaka mafuta, na asimwambie acha kujikuna.

Lakini hapo hapo nikuulize: una hakika hakuna upele kweli? Pumu ya ngozi na upele vinaweza kuwa kwa mtoto mmoja. Kama wewe au ndugu zake nao wanawashwa usiku, au kuna vipele baina ya vidole, viganjani kwa pembeni na kiunoni, rudini hospitali. Upele ukiwepo mtatibiwa nyumba nzima kwa siku moja. Hauondoki kwa kete wala kwa taswira.

Na dawa ya kupaka, hakikisha mnaitumia kama ilivyoandikwa. Akina mama wengi hupaka kidogo mno kwa kuogopa. Kipimo ni rahisi: mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye kiungo cha kwanza ni karibu nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mafuta ya mgando yanafaa, ni rahisi kupatikana, na wala hayahitaji harufu nzuri. Hofu yangu iko kwenye krimu za mchanganyiko za dukani ambazo haziandikiwi na daktari, zinazong'arisha ngozi ndani ya siku tatu. Nyingi zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe zenye nguvu nyingi, na ngozi ya mtoto ndiyo inayolipa. Ukiona ngozi imetoa usaha, homa, au malengelenge madogo mengi yanayouma na kuacha vishimo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Umeniuliza kama inasaidia kweli, kwa hiyo nisikupambie. Ushahidi upo lakini si mwingi. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2006 uliwachukua watoto na vijana pamoja na wazazi wao, vikao sita vya saa mbili, kimoja kila wiki. Watoto wa miaka 8 hadi 12 walikaa na wakufunzi wakafundishwa kuhusu ngozi, mwasho na namna ya kukabiliana na msongo. Baada ya mwaka mmoja ugonjwa wao ulikuwa umepungua kuliko wa wale waliopata matibabu ya kawaida tu, na maisha ya familia yalikuwa yamekuwa mepesi. Kwa upande mwingine, tathmini ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za afya, ilikusanya tafiti 10 za watoto zenye washiriki 2003, na kati ya hizo tisa zilikuwa za elimu, moja tu ya saikolojia. Kwa hiyo nikisema nina imani na njia hii, sehemu ya imani hiyo inatoka kwenye tafiti, na sehemu nyingine inatoka kwa watoto niliowaona wakirudi na kete chache mfukoni. Mwasho hautaisha wote. Tunatafuta usiku wenye usingizi, shuka lisilo na damu, na mtoto asiyejichukia.

Kuhusu neno "mwendawazimu": kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa hakihudumii wendawazimu peke yao, na kuandikiwa kwenda huko hakumwekei mwanao jina. Daktari wako amefanya jambo jema ambalo wengi hawalifanyi. Kama huduma ya ngozi yenyewe inahitaji ubingwa zaidi, kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kikanda tangu mwaka 1992, na wamezoea kuiona pumu ya ngozi kwenye ngozi nyeusi, ambapo haionekani nyekundu kama kwenye picha za vitabu bali ya kijivu, zambarau au nyeusi zaidi. Nawe ukimsikia mwanao akisema heri asingezaliwa, au akianza kukataa shule kabisa, usingoje tarehe ya miadi. Nenda.

Limebaki lako wewe. Mtu aliyeamshwa mara nne usiku hana subira saa kumi na mbili asubuhi, hilo si dhambi, ni mwili. Gawaneni usiku: baba yake achukue nusu, hata kama ni siku mbili kwa wiki. Kwenye kikao mweleze mwanasaikolojia usingizi wako wewe, si wa mtoto tu. Akikuuliza habari zako, usimjibu "nzuri".

Na mavyaa wako usimwache nje ya jambo hili. Mwombe kazi moja: dakika kumi na tano kabla ya taa kuzimwa, mtoto ameshapakwa mafuta, amsimulie hadithi, ile ya kuanza na paukwa ikaitikiwa pakawa. Mtoto aishike kamba au ukili mkononi wakati anasikiliza. Hadithi iwe ndefu, yenye kiitikio cha kuimba, na kila ikifika penye kiitikio wote wawili wakunje ngumi mpaka kiishe. Ajaribu kwa wiki moja, nawe siku hizo zote uendelee kuandika idadi ya kete. Kisha mwonyeshe daftari.